MJI WETU NA PACHA WAKE

Limezuka neno jipya katika mazungumzo ya wataalamu wa miji: pacha wa mji, au pacha wa kidijitali. Baadhi ya ndugu zetu wa Bariadi wamelisikia wakacheka, wala hatuwalaumu. Huku Usukumani mapacha ni jambo zito lenye mila zake, si kitu cha kufungiwa ndani ya kompyuta. Hata hivyo yatupasa kulielewa neno hili mapema, kabla hatujaja kuuziwa.

Pacha huyo ni mji ule ule, umechorwa ndani ya kompyuta pamoja na nyumba zake, barabara, mitaro, mabomba na miinuko ya ardhi. Ramani ya ukutani hukaa kama ilivyochorwa, hata miaka 20. Pacha hubadilika kila mji ubadilikapo: nyumba ikijengwa, naye huongezewa nyumba, bomba likipasuka, huonyesha limepasukia wapi. Na faida yake kubwa ni kwamba waweza kumjaribu. Halmashauri ikitaka kuhamisha stendi, huihamisha kwanza kwa pacha, ikaona magari yatasongamana wapi. Ikitaka kujua mvua kubwa itaingia nyumba zipi, humnyeshea pacha, na hakuna godoro la mtu litakalolowa. Singapore waliianza kazi hiyo mwaka 2014, kwa fedha nyingi sana.

Je, Bariadi yamhusu? Twasema yamhusu. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikawa makao makuu. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa una watu zaidi ya milioni 2. Mji uliokuwa wa soko na pamba umepewa ofisi za mkoa, na watu wakaja nyuma ya ofisi hizo. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulipitisha fedha za mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria katika wilaya zetu. Bomba likishafukiwa pasipo kuandikwa lilipopita, fundi wa kesho atalitafuta kwa sururu, na huenda akalipata kwa kulitoboa. Hilo si jambo la Singapore peke yake.

Wengine watasema mambo haya ni ya wenye fedha. Na watazame Dar es Salaam. Tangu mwaka 2015, chini ya mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia katika kata zinazofurika, wakapita mtaa kwa mtaa pamoja na wenyeji wakichora nyumba, vichochoro na mitaro. Waliwauliza wakazi: mafuriko yale, maji yalifika wapi? Mtu akaonyesha kwa mkono, gotini au kiunoni, na jibu lake likaandikwa. Yote yakawekwa katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Zanzibar nao, kuanzia mwaka 2016, walipiga picha visiwa vyao kwa ndege nyuki, ile isiyo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki kuirusha. Hatudai kwamba kazi hizo ni pacha kamili. Ni mifupa yake, na ilitengenezwa na vijana wa nchi hii.

Hapa yatupasa kusema na jambo la pili, ambalo wauzaji wa mitambo hawalisemi. Mwezi Desemba mwaka 2015, katika bonde la Msimbazi huko huko Dar es Salaam, nyumba ziliandikwa X nyekundu, na nyingi zikavunjwa. Hatusemi X zile zilitokana na ramani za wanafunzi. Lakini mwananchi akimwona kijana na kifaa cha kupimia uwanjani pake, wazo la kwanza ni X. Atasema mtaro hauko hapa. Atasema choo ni cha jirani. Pacha akijengwa kwa majibu ya namna hiyo atakuwa pacha wa mji mwingine, na halmashauri itafanya mipango ya mji usiokuwapo.

Sisi Wasukuma tuna mfano wetu wa zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Mwingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa. Wataalamu walihesabu watu, ng'ombe na ardhi, wakakata shauri kila eneo laweza kulisha wangapi. Waliozidi wahamie Geita, mifugo ipunguzwe. Hesabu zile hazikuwa za kijinga, na udongo kweli ulikuwa ukichakaa. Lakini mwenye ng'ombe hakuulizwa, aliletewa amri. Watu wakazikataa, na kufikia miaka ya kati ya 1950 amri zile zilikuwa zimeshindwa.

Kwa hiyo twataka pacha wa Bariadi ajengwe, na ajengwe kwa namna nyingine. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto haanzi na ramani ya Afrika. Huanza kwa kulipima darasa lake kwa hatua za miguu. Halmashauri ya Mji nayo ianze na mitaro, kata moja, tuseme Somanda. Msingi upo: kazi ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilikwisha kuzipa nyumba namba na barabara majina. Vijana wa kupima wapo, wamekaa vijiweni na vyeti vyao. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Kikundi kimoja kikikopeshwa ndege nyuki na kompyuta, kikapata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kisha kikapewa kazi ya halmashauri, mkopo utarudi.

Picha ya mtaa ibandikwe ofisini kwa mtendaji, isomwe katika mkutano wa mtaa, na mwenye kuona kosa aseme. Habari za mtu na nyumba yake zilindwe kama itakavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na mkataba wowote na kampuni useme wazi kwamba habari zote ni mali ya halmashauri, mkataba ukiisha zibaki Bariadi. Kukodi macho ya kuuona mji wetu wenyewe, na kulipia kila mwaka, hatukubali.

Tena Baraza la Madiwani litamke mapema, kwa maandishi, kwamba vipimo vya mitaro havitatumiwa kumwondoa mtu bila notisi, bila kusikilizwa na bila haki yake. Bila tamko hilo hata sisi tungeficha choo.

Bajeti inakuja. Ndugu Diwani, katika makisio ya mwaka ujao, kupima mitaro ya kata yako kumetengewa shilingi ngapi?