Taa ya Tangi Letu la Samaki

Wanafunzi wa zamani wa shule hii wamekubali kutununulia taa kwa ajili ya tangi la kioo lililo katika chumba cha bayolojia, nasi twawashukuru kwa moyo huo. Walakini yasemekana kwamba taa inayokusudiwa ni ile ya nuru ya zambarau, kali sana, itokayo ng'ambo, ambayo picha zake zapendeza mno. Mimi naona kuwa si taa itufaayo. Yafaa niseme sasa, maana fedha zikishatolewa itakuwa utovu wa adabu kulalamika.

Hao waipendao taa ile hawakosi hoja. Mwaka 1882 mtaalamu Mjerumani, Engelmann, alimulika uzi mwembamba wa mwani kwa rangi zote za nuru zilizopangwa kama upinde wa mvua, akaona kwamba bakteria wapendao oksijeni walijikusanya zaidi palipopigwa na nyekundu na buluu. Tangu hapo watu wengi wamekata shauri kwamba nuru ya kijani ni ya bure, na kwamba ukiupa mmea nyekundu na buluu peke yake, zikachanganyika zikawa zambarau, utashiba. Lakini jani halitupi kijani chote. Sehemu kubwa hukinywa vilevile. Tena nuru nyeupe ina nyekundu na buluu ndani yake. Mmea uliozoea jua haupungukiwi na kitu chini ya taa nyeupe.

Zaidi ya hayo, ndani ya tangi hamna mimea tu. Mna wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita enkejje, na samaki hao wana macho. Katika Ghuba ya Mwanza, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, wako ndugu zao wawili: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya buluu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni. (Jina moja limetoka katika Kiswahili, na jingine ni heshima kwa Mwalimu Nyerere. Wale wanaotuuliza Kiswahili kina kazi gani katika sayansi na wasome majina ya samaki.) Wataalamu Seehausen na van Alphen waliwajaribu samaki hao ndani ya matangi, wakatangaza matokeo mwaka 1998. Chini ya nuru nyeupe majike walipendelea madume wa aina yao. Chini ya nuru ya rangi ya machungwa tupu, ambayo haionyeshi tofauti ya buluu na nyekundu, hawakuweza tena kubagua. Mwaka mmoja kabla, wao pamoja na Witte walikuwa wamekwisha kueleza kwamba jambo hilo latukia ziwani kwenyewe: maji yakichafuka, nuru hupungua rangi zake, na aina za samaki huchanganyika mpaka nyingine zikapotea. Sisemi kwamba zambarau ni sawa na machungwa. Nasema kwamba viumbe ambao uhai wa kabila lao wategemea kuonana rangi, si haki kuwafungia katika nuru iliyopunguzwa rangi, hasa kama sababu yenyewe ni uzuri wa picha.

Sasa nguvu ya taa. Katika jambo hili jicho la mtu ni shahidi mbaya. Jua la saa sita mchana hapa Kampala, mbingu zikiwa wazi, hutoa luksi zipatazo 100,000. Hatua chache kutoka dirishani, ndani ya chumba, huenda zikabaki mia chache tu. Lakini jicho hujirekebisha, nawe huona kote ni mwanga. Basi mmoja husema tangi lililo pembeni mwa chumba halihitaji taa, mimea ikioza akashangaa. Mwingine hukimbilia taa kali kuliko zote, na huyu ndiye anitiaye wasiwasi zaidi.

Kila aliyefika kidato cha tano amefundishwa kanuni ya Blackman ya mwaka 1905, kwamba kazi ya jani huenda kwa kadiri ya kitu kilicho haba kuliko vingine. Katika tangi letu kilicho haba ni kaboni dioksidi, kwa kuwa hatuna mtungi wa kuipuliza majini. Nuru ikizidi, mimea haina la kuifanyia. Ziada yote huchukuliwa na mwani, ambao haudai mengi. Baada ya majuma machache kioo huwa kijani, majani hufunikwa na utelezi, naye mwenye tangi husema mimea yake yakosa nuru, akaongeza taa ya pili!

Wafugaji wengi hukadiria lumeni 20 hadi 40 kwa kila lita ya maji, kwa mimea isiyo migumu. Tangi letu ni la lita 90. Basi lumeni 2,000 zatosha kuanzia. Hizo hupatikana katika taa ya LED ya wati 20 hivi, ya nuru ya mchana, iliyoandikwa 6500 K, ambayo maduka ya vifaa vya umeme mjini huiuza kila siku. Wati zisitudanganye: ni kipimo cha umeme uliwao, si cha nuru itokayo. Taa iwekwe juu ya kifuniko cha kioo, na waya wake uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisiufuate mpaka penye umeme.

Mimea nayo ichaguliwe kwa kuipatanisha na taa hiyo. Vallisneria, yenye majani kama utepe, hukua katika Ziwa Victoria letu, na ndiyo aliyoitumia Warington wa London mwaka 1850 alipoonyesha kwamba samaki na mimea waweza kulishana hewa ndani ya chombo kimoja. Anubias ya Afrika ya Kati huridhika na nuru hafifu. Lakini asitokee mtu wa kutuletea gugumaji kutoka Ggaba, ati lina maua mazuri. Lilipofunika ghuba za ziwa katika miaka ya 1990 lilizuia nuru isifike chini, na ndani ya tangi litafanya vivyo hivyo kwa juma moja au mawili.

Wengine watauliza, kwa nini tusiweke tangi dirishani tukaacha taa kabisa? Madirisha ya chumba kile yaelekea mashariki. Jua la asubuhi lapiga moja kwa moja, maji yapata moto, na mwani hufurahi kuliko mmea wowote.

Kwa fedha zitakazobaki twaweza kupata matangi madogo mawili, ili wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili wahesabu wenyewe mapovu ya oksijeni yatokayo majanini penye nuru na kukoma gizani, kama alivyoona Ingenhousz mwaka 1779. Hivi sasa husimama nyuma yetu wakaona migongo.

Limebaki jambo la saa. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tumezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, lakini kwa taa saa nane zatosha. Samaki nao wahitaji giza wapumzike. Umeme ukikatika siku moja, mimea haitakufa, wala tusifidie kwa kuwasha usiku kucha. Hatari yenyewe ni likizo, ambapo aliyeondoka wa mwisho huacha taa inawaka mpaka shule ifunguliwe. Kuna kifaa cha saa kinachowasha na kuzima taa chenyewe, nacho si ghali. Kaka zetu wapendwa, naomba bei yake iingizwe katika hesabu ileile.