Injini umeweka, lakini tyuningi je?

Kama unaendesha Toyota Corolla 110 uliyoachiwa na mzee, au uliyonunua kwa mkopo wa chama, wazo hili lazima limekujia. Injini ya 5A imechoka, inakunywa oili kila wiki. Si utoe hiyo, uweke 4A iliyotoka Japani?

Sikulaumu. Gari la kuagiza kutoka nje halipaswi kuzidi miaka 8, na likifika bandarini linangojewa na ushuru wa forodha wa 35%, VAT ya 16% na ada nyingine juu yake. Msee wa kawaida hapo hafiki. Ndiyo maana mafundi wa Grogan hawakosi kazi.

Shida ni kwamba tunamaliza doo zote kwa injini yenyewe. Ikiwaka tu, tunapiga picha na kwenda zetu.

Binamu yangu anafanya teksi. Aliweka 4A mwaka jana, ikanguruma vizuri sana. Wiki mbili baadaye petroli ya 1,500 iliyokuwa ikimfikisha jioni ilikuwa inaisha saa nane mchana. Ekzosi ilitoa moshi mweusi. Fundi akabadilisha plagi. Wa pili akataka kumchomekea mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na zile 110 za zamani hata hazina mlango wa mashine hiyo. Wa tatu akasema injini ni mbovu, anunue nyingine!

Mimi nilisomea magari mwaka mmoja na nusu kabla karo kunishinda, kwa hivyo usinichukulie kama injinia. Lakini nilikumbuka kitu kimoja. 4A ya aina hiyo hupima hewa kupitia sensa ya MAP, iliyounganishwa na injini kwa kipaipu chembamba cha mpira. Kipaipu kikipasuka, sensa inadhani umekanyaga mafuta mpaka chini, na kompyuta inamwaga petroli. Tulikiangalia. Kilikuwa na ufa, pengine kilivutwa wakati injini ikiingizwa. Kipya hakikufika bei ya chipsi kuku.

Baadaye tukapata fundi mzee mwenye taa ya taimingi. Aliacha injini ipate moto, akaunganisha TE1 na E1 kwa kawaya ndani ya kile kisanduku cheusi cha diagnosis, kisha akazungusha distributa taratibu mpaka alama ikasoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Akatoa kawaya. Dakika ishirini, basi. Taimingi ikichelewa gari linakosa nguvu na kupata joto. Ikiwahi sana injini inagonga, na kugonga huko hutoboa pistoni. Ukiona fundi anaseti kwa sikio pekee, uliza taa iko wapi.

Na ukinunua injini, dai waya zake na kontroli boksi yake. Kompyuta ya 5A ilipangiwa injini ya sisi 1,500, siyo 1,600.

Haya si mambo ya wapenzi wa magari peke yao. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa hadi 16%, kutoka 8%. Kila tarehe 14 tunakodolea macho bei mpya za EPRA na kutukana kwenye simu, na huku injini isiyotyuniwa inatulipisha kodi kwa petroli inayotoka nyuma ikiwa moshi. Serikali hairudishi hiyo.

Kuna pia logibuku. Nambari ya injini imeandikwa mle, na ukiibadilisha unatakiwa kupeleka gari likaguliwe na kuwaarifu NTSA wabadilishe rekodi. Wengi huruka hatua hii. Halafu siku ya ajali, au polisi wakitafuta magari ya wizi, ni wewe wa kueleza.

Binamu yangu sasa anafika jioni tena na petroli ya 1,500. Logibuku bado hajaishughulikia. Juzi alikuja mnunuzi, akainama na tochi akasoma nambari, akarudisha funguo bila kuuliza bei.