Ndia Si Kosa

Wapo walimu wanaomkata maksi mtoto aliyelelewa na bibi wa Mombasa kwa kuandika "ndia". Ati hajui Kiswahili. Nani hajui? Tenzi za kale za Mvita na Lamu zimejaa neno hilo. Mwaka 1928, tena huko huko Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kiwe Kiswahili cha vitabu vya shule. Huo ulikuwa uchaguzi, si hukumu juu ya Kimvita. Na hao wanaocheka, wakitoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, wakifika penye mzunguko wa magari husema "kipilefti", Kiingereza cha kibao kilichovalishwa kanzu! Sikichukii. Lakini msahihishaji na amwambie mtoto: shuleni twaandika njia, kwa bibi yako ni ndia. Maksi zake asiziguse.