Taji la Latifah

Juma hili tulimsikia mzazi akilalamika kwamba hip-hop, tangu mwanzo wake, imewavua wanawake nguo. Tunamheshimu, lakini hapo hatukubaliani naye.

Wanawake waliotangulia katika muziki huo, huko Marekani, wengi walipanda jukwaani wakiwa wamejisitiri. MC Lyte, aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 1988, alivaa trakisuti zilizompwaya. Salt-N-Pepa walijulikana kwa jaketi pana za rangi nyingi na hereni nzito za dhahabu, ingawa suruali zao, tukiri, zilibana. Naye Queen Latifah wa Newark, ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1989, alivaa kofia ndefu na vilemba vya Kiafrika mithili ya taji. Jina lenyewe twalielewa bila mkalimani: latifu, mpole.

Je, tumsifu huyu ili tupate kuwahukumu wengine? Yeye mwenyewe anatuzuia. Katika wimbo wake U.N.I.T.Y. wa mwaka 1993, uliompatia tuzo ya Grammy mwaka 1995, anajisimulia akipita mtaani siku ya joto kali, amevaa kaptura fupi, na mwanamume akamshika mwili. Hakuomba radhi kwa ajili ya kaptura. Alimgeukia yule mwanamume kwa hasira.

Nasi, binti wa jumuiya zetu anapotujia na kilio kama hicho, mara ngapi tumeanza kwa kumwuliza alikuwa amevaa nini?