Maji yakifungwa, mnunuzi naye aitwe kikaoni

Kila uvuvi unapotangazwa kufungwa, sisi wafanyabiashara wa samaki hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaolalamika kwamba wanakatiwa riziki, na wapo wanaonyamaza na kutafuta njia za panya. Mimi naomba tuanzishe kundi la tatu, la wanaouliza maji yanafungwa vipi, na nani, na kwa hesabu gani.

Nauza ndagala. Huwanunua mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na kuwavusha kwa njia ya Manyovu. Kwa wengi wetu tuliorejea kutoka Tanzania, biashara hii ndiyo mali pekee tuliyorudi nayo. Hatukurudi na fedha, bali tulirudi na lugha, na tulizijua njia na watu wa kuaminiana. Kwa hiyo mwaka 2024, ziwa lilipofungwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, kilio kilikuwa kikubwa. Mama anayeuza kwa kikombe sokoni hana akiba ya miezi mitatu. Mkopo wa kikundi nao hausubiri samaki wazaliane.

Hata hivyo sisemi ziwa lisipumzishwe. Nyavu zimekuwa nyingi, macho yake madogo, na ndagala tunaowapokea wengine ni wadogo mno. Ninachosema ni kwamba wapo wenzetu wa pwani waliokwisha kulijaribu jambo hili kwa namna yao, na yafaa tuwasikilize.

Chukueni mfano wa Andavadoaka, kijiji cha wavuvi wa Kivezo kusini magharibi mwa Madagaska. Huko pweza ni chakula na fedha. Maji yanapokupwa, kina mama na vijana huingia mwambani kwa miguu, mkononi wakiwa na kijiti au chuma, na kuchokoa mashimo. Novemba 2004 wanakijiji, wakisaidiwa na watafiti wachache wa shirika la Blue Ventures, walikubaliana kuupumzisha mwamba mmoja kwa miezi saba. Walipoufungua mwaka 2005, vijiji jirani viliona na kutaka kufanya vivyo hivyo. Mwaka 2006 vikaungana na kuunda eneo la Velondriake, linalosimamiwa na wanavijiji wenyewe.

Siri ya jambo hili haina uganga. Pweza hukua haraka sana na haishi muda mrefu. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Kwa hiyo ukimvua akiwa mdogo umepoteza uzito ambao angeupata ndani ya majuma machache, na pengine umepoteza na kizazi kizima. Ukimwacha miezi miwili au mitatu, unamkuta mwingine kabisa.

Kilichonivutia zaidi ni daftari. Vijana wa pale pale kijijini walifundishwa kupima na kuandika kila pweza aliyeletwa kwa mnunuzi. Kwa hesabu hizo, mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya mafungo 36 yaliyofanyika kati ya 2004 na 2011. Katika siku 30 baada ya kufungua, mavuno ya mwamba husika yalipanda kwa asilimia 718 kuliko siku 30 kabla ya kufunga, na pato la kila mvuvi kwa siku, kwa uzito, lilipanda kwa asilimia 87. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba mapato ya vijiji hayakushuka wakati wa kufunga. Kwa nini? Kwa sababu kwa kawaida walifunga karibu sehemu moja ya tano tu ya maeneo yao, wakaendelea kuvua kwingine.

Mtindo huo umefika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wavuvi wamefunga na kufungua miamba ya pweza kwa makubaliano yao. Ni kazi ndogo ndogo zisizohitaji meli ya utafiti. Mizani, rula, kalamu na uaminifu vinatosha kuanzia.

Najua atakayesema kwamba ndagala si pweza. Ni kweli kabisa. Pweza hukaa shimoni mwake, na mwamba unaweza kuulinda kwa macho. Ndagala huenda na kurudi kwa makundi na huvuliwa usiku kwa taa. Huwezi kuweka mpaka kijijini ukamwambia asivuke. Na hata pwani siku ya kufungua huleta mkanyagano: watu hufurika, na faida ya miezi mitatu inaweza kuchukuliwa kwa siku chache na wasiolinda. Kwa hiyo nisieleweke kwamba tuinakili Andavadoaka neno kwa neno.

Tunachoweza kuchukua ni desturi ya kukaa pamoja na kuhesabu pamoja. Nina maombi matatu.

Kwanza, tarehe zitangazwe mapema, tena katika masoko ya pande zote za mpaka, ili mfanyabiashara apange mkopo wake na mzigo wake. Vikao vinapoitwa, asiitwe mvuvi peke yake. Mnunuzi ndiye anayeamua samaki mdogo ana bei au hana.

Pili, sisi wanunuzi tuandike. Kila mmoja wetu ana daftari la madeni. Hatushindwi kuongeza mistari miwili: kilo ngapi, kutoka mwalo gani, wakubwa au wadogo. Tukizikabidhi hesabu hizo kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe na kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa hapa Bujumbura, itajulikana kama kufunga kumeleta faida au kumeleta njaa tu. Bila hesabu, kila mtu atabaki na lake.

Tatu, tukatae vitoto vya samaki hata vikiwa rahisi. Najua ni vigumu kusema hivi mbele ya mtu mwenye watoto wanaosubiri. Lakini nyavu haramu haziishi kwa askari wa doria peke yao. Zinaishi kwa fedha zetu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kina mama wa Andavadoaka hawakungoja waambiwe na mji mkuu. Waliuacha mwamba mmoja, wakapima, wakaona kwa macho yao. Nasi tuanze na daftari zetu, kabla tangazo jingine la kufungwa halijatukuta tena hatuna la kusema ila kulia.