AFYA YA NYUMBANI: Kichomi Kipatwacho Hospitalini



Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea duniani, neno moja limebaki vinywani mwa watu, nalo husemwa hata katika matanga ya Wakristo: "Alikwenda hospitali akitembea kwa miguu yake, wakamtia mashine ya kupumulia, na mashine ndiyo iliyomwua." Walimu wetu hulisikia, na baadhi yao hawajui walijibu namna gani. Wengine hulikemea kuwa ni ujinga mtupu. Sisi twaona si vema kulikemea kabla ya kulichungua, kwa sababu ndani yake mna chembe ya kweli. Na chembe hiyo isipoelezwa huota ikawa hofu kubwa, hata mtu akakawia kumpeleka mzazi wake kwa daktari mpaka pumzi zimemwishia.

Yapasa kujua kwanza ya kuwa kichomi, au nimonia kama waitavyo watu siku hizi, hakina asili moja. Mapafu huvimba, na vile vifuko vidogo vya hewa vilivyomo hujaa majimaji na usaha mahali pa pumzi. Virusi vya Korona vyaweza kuleta kichomi peke yake, nacho ndicho mgonjwa ajacho nacho kutoka nyumbani. Lakini kiko kichomi cha pili, ambacho sicho kilichomleta hospitalini. Amekipata akiwa amelala humo. Madaktari hukiita hivyo kikitokea saa 48 au zaidi baada ya mtu kulazwa. Mara nyingi huletwa na bakteria, ambao ni wadudu wa namna nyingine kabisa, na baadhi yao wamezoea kukaa hospitalini na kuzishinda dawa.

Huingiaje? Mtu mzima wa afya ana walinzi wengi kooni. Kidakatonge hufunga njia ya pumzi ameze mate. Kikohozi hutupa nje kitu kigeni. Na ndani ya njia ya pumzi mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vifagiavyo makohozi kwenda juu usiku na mchana. Sasa fikirini mgonjwa ambaye mapafu yake yameshindwa kabisa. Hulazwa usingizi kwa dawa, kisha hupitishwa mpira kinywani mpaka katika njia ya pumzi, ili mashine imsukumie hewa. Mpira huo wamwokoa, maana pasipo huo angekufa siku ile ile. Walakini kidakatonge hakiwezi tena kufunga, wala mgonjwa hawezi kukohoa. Mpira una kibofu kidogo kijazwacho hewa ili kuziba pembeni, lakini hakizibi sawasawa. Mate yenye wadudu hukusanyika juu yake, yakapenya kidogo kidogo katika mikunjo mpaka mapafuni. Kila siku ipitayo, njia hiyo iko wazi.

Wagonjwa wa Korona walikuwa na shida hiyo kupita wengine. Wengi walikaa katika mashine si siku mbili tatu, bali majuma. Mapafu yao yalikuwa yamekwisha kujeruhiwa. Tena ile dawa ya deksamethasoni, ambayo mwezi wa Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kuwa lilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa katika mashine, ndiyo hiyo hiyo itulizayo nguvu za mwili za kupigana na wadudu. Hatusemi haikufaa, ilifaa mno. Twasema ilidai uangalizi zaidi, na wakati ule wauguzi walikuwa wachache, wamechoka, nao wamevaa mavazi mazito ya kujikinga, ambayo kuyabadili kutoka kitanda hata kitanda kulikuwa taabu.

Huko Italia, katika miezi ya kwanza ya mwaka 2020, wataalamu walihesabu wagonjwa mahututi wa Korona 774 katika hospitali 8. Wagonjwa 359 kati yao, yaani karibu nusu, walipata maradhi mengine humo humo hospitalini, na nusu ya maradhi hayo ilikuwa kichomi cha mashine. Theluthi moja hivi ya maradhi yote hayo ililetwa na bakteria wasiosikia dawa nyingi.

Baadaye, katika mji wa Chicago huko Marekani, madaktari walitaka kujua hasa ni nini kiwauacho watu hawa. Wakati ule wengi walidhani ni ghadhabu ya mwili wenyewe, ukijipiga kwa kuwapiga virusi. Kuupambanua ugonjwa wa pili si kazi rahisi, maana picha ya kifua cha mtu wa Korona imekwisha kuwa nyeupe tupu, na homa anayo. Basi wao waliingiza maji kidogo ya chumvi mapafuni, wakayavuta tena, wakayapima kutafuta wadudu. Waliwafuata wagonjwa 585 wa kichomi kikali, 190 kati yao wakiwa wa Korona, na habari zao za kila siku zikapangwa kwa msaada wa kompyuta. Matokeo yalitolewa mwaka 2023: wale ambao kichomi chao cha pili kilipona walielekea kuishi, na wale ambao hakikupona walielekea kufa. Dalili za ile ghadhabu ya mwili hazikuonekana kuwa ndizo sababu kubwa.

Basi mwalimu aulizwaye matangani aweza kujibu hivi: mashine haikumwua ndugu yetu, ilimbeba pale alipokuwa hawezi kujibeba. Lakini mlango uliofunguliwa ili apate pumzi, wadudu nao waliweza kuupitia, na kuulinda ni kazi ya mikono ya watu. Nasi twasema wazi kwamba hatupendi maneno "ni mapenzi ya Mungu" yatumiwe kufunika mikono isiyonawiwa. Mungu ametupa maji na sabuni.

Tena mtu asidhani kwamba dawa ya bakteria itolewe mapema kwa kila mtu, eti kwa kujihadhari. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kuwa kati ya wagonjwa 100 waliolazwa kwa Korona, 8 tu walikuwa na maradhi ya bakteria yaliyohitaji dawa hizo. Na bado watatu katika kila wanne walipewa. Dawa itumiwayo bure hufundisha wadudu kuishinda, na ajaye nyuma huikuta haina nguvu tena.

Kinga yenyewe ni mambo madogo, na pengine ndiyo sababu husahauliwa. Mikono isafishwe kabla ya kumgusa kila mgonjwa na baada ya kumgusa. Kichwa cha kitanda kiinuliwe, asilale chali kabisa, isipokuwa madaktari wamemlaza kifudifudi kwa ajili ya mapafu. Dawa ya usingizi ipunguzwe kila siku ionekane kama aweza kupumua mwenyewe, maana kuutoa mpira mapema ndiyo kinga iliyo kuu.

Na mswaki! Jambo hili latupendeza, kwa kuwa wazee wetu walikuwa na mswaki kabla hawajaona hospitali. Kwa miaka mingi vinywa vya wagonjwa wa mashine vilipakwa dawa kali iitwayo klorheksidini. Mwaka 2022 wakuu wa mambo haya huko Marekani walishauri isitumiwe tena kwa kazi hiyo, kwa kuwa faida yake haikuonekana wazi na ilishukiwa kuongeza vifo. Bali wakausifu mswaki. Mwaka 2023 majaribio 15 yalikusanywa pamoja, ikaonekana kwamba wagonjwa waliopigwa mswaki walipata kichomi cha hospitalini pungufu kwa theluthi moja hivi, na faida ilikuwa wazi zaidi kwa wale wa mashine.

Aliye katika mashine ni wa muuguzi. Jamaa wasimtie kitu kinywani. Lakini wengi wetu huuguza ndugu katika wodi za kawaida, na humo nako kichomi hiki hupatikana. Mkalishe wakati wa kula, wala usimlishe uji akiwa amelala. Mwombe muuguzi ruhusa ya kumsafisha meno asubuhi na jioni kwa maji machache, na kama ana usingizi mzito usimtie maji. Aliye na mafua abaki nyumbani, atume salamu kwa mdomo wa mwingine. Na unapofungasha vitu vya mtu aendaye kulazwa, pamoja na shuka na kikombe utie mswaki laini mpya, ulioandikwa jina lake, usije ukachukuliwa kwa mgonjwa wa kitanda cha pili.