Mambo ya wazungu, eti

Sahani ya pilau ilikuwa bado mkononi mwangu. Tulikuwa msibani, hapa Minnesota, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, tumekusanyika kuchangia mwili wa mwenzetu upelekwe Dar es Salaam. Mzee mmoja wa kamati, ambaye simtaji kwa sababu tutaonana tena kwenye michango mingine minne kabla mwaka haujaisha, alimsikia mke wangu akimsimulia shoga yake kwamba Juni hii tunakodi nyumba ya magurudumu, ile wanayoiita RV, tuzunguke magharibi ya Marekani wiki sita. Akatikisa kichwa. "Shemeji, hayo ni mambo ya wazungu. Mtu mzima akistaafu anarudi kwake akatulie. Hazururi barabarani kama konda."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana msibani hapajibiwi. Basi naomba nijibu hapa.

Marehemu tuliyekuwa tukimchangia alikuwa na miaka 64. Alikuwa na nyumba Kibaha: vyumba vitano, geti la umeme, vigae hadi kwenye banda la kuku. Alibakiza miezi minane astaafu arudi "akatulie". Mjane ndiye aliyetuambia, bila kuulizwa, kwamba tangu nyumba ile iezekwe mumewe alilala ndani yake siku kumi na moja. Anayeijua kila kona yake ni mlinzi. Na mzee wa kamati alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwenye picha ya marehemu yenye maua wakati ananifundisha namna ya kustaafu kwa busara!

Mimi nimeendesha lori nchi hii miaka 19. Ukiniuliza nimepita majimbo mangapi, nitakuhesabia 46. Ukiniuliza nimefika wapi, nitakutajia vituo vya mafuta. Sheria humpa dereva wa lori saa 11 za kushika usukani ndani ya dirisha la saa 14, na tangu mwisho wa 2017 kuna kifaa kinachohesabu kila dakika, hakidanganyiki wala hakihongeki. Kifaa hicho hakijui kwamba kulia kwako kuna jambo la kutazama. Mara ngapi nimekata South Dakota kwa barabara ya I-90, nikaliona bango la njia ya kutokea namba 131, ya hifadhi ya Badlands, nami nina lori la tani 36 pamoja na mzigo wake na mteja anayenisubiri Billings? Nimelipita bango hilo mchana, usiku, kwenye theluji, na mara moja nikiwa na homa. Kupita si kufika. Ni kama mtu aliyepanda basi la Mwanza akajidai anaijua Dodoma kwa kuwa alinunua zabibu dirishani.

Mke wangu hata dirisha hakuwa nalo. Miaka 22 ya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee: Marekani yake ni korido yenye taa nyeupe. Wazee aliowaogesha ndio waliomsimulia hifadhi ya Yellowstone, kila usiku upya, maana walikuwa wakisahau kwamba jana walishasimulia. Anaijua chemchemi ya Old Faithful kwa masimulizi ya watu waliokwisha kusahau majina ya watoto wao. Na huyu ndiye anayeambiwa kwamba akienda kuiona kwa macho yake atakuwa ameiga.

Hebu tulitazame hilo neno, mambo ya wazungu. Mwaka 1936 mtumishi wa posta wa Harlem, Victor Green, Mmarekani mweusi, alianza kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza weusi wenzake wenye magari wapi watapata chumba, chakula na mafuta bila kufukuzwa. Watu wale walisafiri barabara hizi hizi wakati kusafiri kulikuwa hatari ya kweli, na leo wapo weusi wenye RV, wana hadi vyama vyao. Ukisema barabara ni ya wazungu unamtukana Green kaburini. Wazungu nao, kuanzia mwaka 1959, walilikata bara letu kutoka Cape Town hadi Cairo wakivuta trela zao za Airstream, 41 kwa idadi, zinang'aa kama masufuria mapya. Sijasikia kwamba kuna mzee wa kijiji aliyewaambia warudi kwao wakajenge. (Habari za neno "safari" sizisemi. Kila aliyewahi kushika kalamu amekwisha kuzisema.)

Pingamizi nimeletewa nyingi, nitajibu chache. Ndugu mmoja aliniuliza kwa uso mkavu kabisa: "Sasa huko porini mtakula nini? Ugali mtaupata wapi?" Ndugu yangu, kitu hicho kina jiko la gesi, friji, sinki, kitanda na choo. Unga tunabeba wenyewe. Ugali utasongwa Wyoming na mwiko ule ule, na kama moshi wa dagaa utawaamsha dubu, basi dubu watakuwa wageni wenye adabu kuliko baadhi ya wageni ninaowajua. Kwa taarifa yenu, kambi tuliyochagua Yellowstone, pale Fishing Bridge, haipokei mahema kabisa kwa sababu ya dubu hao. Wanataka gari lenye kuta ngumu. Kwa hiyo nyumba ya magurudumu hapo si anasa, ni masharti.

Na kuna wanaokunja pua kwa habari ya tangi la choo. Ndiyo, kuna tangi la maji ya sinki na tangi la choo, na kila baada ya siku chache unavaa glavu, unaunganisha bomba kwenye shimo maalumu, unafungua la choo kwanza kisha la sinki ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Ndiyo kazi yote. Mke wangu ameshika vyombo vya wagonjwa kwa miaka 22, leo ashindwe na bomba?

Kinachonichosha zaidi ni wale wanaodhani tunakwenda kuzurura. Meza yetu ya kulia haijaliwa chakula tangu Januari, imefunikwa ramani. Kambi zinazopendwa kwenye hifadhi, nyingi huanza kupokea maombi ya nafasi miezi sita kabla, na nafasi huisha kabla chai yako haijapoa. Mama watoto huamka akiwa na simu tayari, kama mtu anayewinda tiketi ya watani wa jadi. Gari tutakalokodi ni la futi 24, kwa hiyo barabara ya Going-to-the-Sun kule Glacier tumeiacha: mwisho wao ni futi 21. Handaki la Zion, Utah, lilikamilika mwaka 1930, enzi za magari membamba, na kitu kipana kama chetu hakipishani na kingine ndani, tutalizunguka. Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, upepo huinua trela tupu kama nguo kwenye kamba, polisi hufunga njia kwa magari marefu mepesi, na hapo mimi ndiye mwalimu. Wanaokodi kwa mara ya kwanza hawajui hata kimo cha gari lao. Huko Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8, limechuna mapaa ya malori na RV miaka nenda rudi. Mwaka 2019 wakaliinua, na bado linachuna. Siku ya kwanza nitaandika kimo chetu kwa kalamu nene juu ya usukani.

Wenye mambo haya wana kanuni ya tatu tatu tatu: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, ufike kambini saa tatu, ukae siku tatu. Saa tatu yao ni saa tisa yetu alasiri, kwa hiyo kwa Kiswahili kanuni inaharibika, lakini akili iliyomo nimeipenda. Maili 300! Mimi nilikuwa namaliza hizo kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo penye tofauti yote kati ya kupita na kufika, na ndiyo maana nasema hii ni kazi ya mstaafu. Kijana mwenye likizo ya wiki mbili hawezi kukaa siku tatu mahali pasipo na harusi.

Pesa? Njia yetu ni kama maili 4,500. Gari la namna hii hula galoni moja kwa maili 10 hivi, yaani galoni 450; weka dola 3.50 kwa galoni, unapata dola 1,575. Kodi ya gari sitaitaja, msije mkaniitishia kamati. Kiingilio cha hifadhi za taifa: ukiwa na miaka 62 unalipa dola 80 mara moja na kadi ni ya maisha, si kwa raia tu, hata kwa mwenye ukaazi wa kudumu. Pale msibani wenye umri huo tulijaa, na kila mmoja ana kadi ya duka la jumla linalouza mchele kwa magunia. Ya hifadhi niliiona moja, ya kwangu.

Halafu kuna goti. Langu la kulia, la breki, limekwisha. Bima ya afya ya Medicare, ile ya asili, ambayo nimekatwa kwenye mshahara miaka yote hiyo, hunitibu Wyoming kama inavyonitibu Minnesota. Nikivuka kwenda Tanga, kwa kawaida haitoi hata senti ya plasta. Wanaosema nirudi nikatulie wana maana goti likatulie kwa fedha ya nani? Ya mchango?

Sijasema mtu asijenge. Nina nyumba Tanga, imeezekwa, ina popo, na shemeji yangu anayeiangalia hunitumia picha za ukuta ule ule kila mara anapohitaji saruji. Mwaka juzi tulikwenda kuitazama. Mizigo minne ya zawadi, faini ya uzito uwanjani, wiki tatu za kupokea wageni wenye matatizo, na bahari niliyozaliwa nayo niliiona mara mbili, zote kupitia dirisha la gari la kukodi. Hata kwetu nilipita.

Mzee wa kamati amenipigia juzi. Nilidhani ni radhi. Kumbe anataka kujua kama kile kitanda cha juu ya dereva kina mtu. Nimemwambia kina unga.

Tunatoka wiki ya kwanza ya Juni. I-35 kusini hadi Albert Lea, kisha I-90 kuelekea machweo. Namba 131 iko upande wa kulia, halafu unakata kushoto. Njia nzima naijua kwa moyo, isipokuwa hapo kwenye kuwasha indiketa.